Shemeji wa Ng'ambo ya Ziwa: Ndoa, Kibali na Haki ya Kuishi Pamoja

Mhadhara uliotolewa kwa wakazi wa Kiseke, Manispaa ya Ilemela, Mwanza



Nimeombwa nizungumze juu ya mume au mke mgeni na namna ya kumpatia haki ya kuishi katika nchi ya mwenzake. Najua wengi mmekuja mkiwa na Uingereza, Ujerumani au Marekani kichwani. Huko nitafika. Lakini nitaanzia hapa hapa, kwa sababu mgeni tunayemsahau ni yule aliyekuja kwetu, na kwa sababu sheria yetu ina kasoro ambayo tumeishi nayo muda mrefu hadi tumeiona ni jambo la kawaida.

Tuchukue nyumba moja ya Kiseke, nyumba ya mfano, ingawa wengi wenu mtaijaza majina mnayoyajua. Ina kaka na dada, baba mmoja mama mmoja. Kaka alifanya kazi Kisumu, akarudi na mke Mkenya. Dada anauza dagaa na huvuka mpaka wa Sirari kwa biashara yake. Huko akakutana na kijana wa Migori, wakapendana, wakaoana. Mahari zote mbili zimetolewa na ndoa zote mbili zimesajiliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua bila kutofautisha. Kwa macho ya wazazi, nyumba imepata mkamwana mmoja na mkwe mmoja, basi.

Sasa wote wanne waende ofisi ya Uhamiaji. Kaka atafunguliwa Sheria ya Uraia, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995, kifungu cha 11. Kinasema kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania anayo haki ya kuomba na kupewa uraia wa tajinisi wakati wowote mume wake akiwa hai. Tazameni uzito wa jambo hilo. Ndoa yenyewe ndiyo inayompa haki, bila kuulizwa kwanza amekaa nchini miaka mingapi wala analeta mtaji gani.

Dada na mumewe watasubiri wafunguliwe kifungu chao, na hakipo. Mume wa dada atarudishwa kwenye njia ya wageni wote, kifungu cha 9 pamoja na Jedwali la Pili la sheria hiyo. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na ionekane kwamba amekuwa na mchango kwa nchi na ataendelea kuwa nao. Akishatimiza yote hayo, uamuzi bado uko kwa hiari ya Waziri. Kwamba amemwoa binti wa Kiseke na kumzalisha watoto watatu hakumpi haki yoyote ya pekee katika hesabu hiyo.

Na watoto hao ni Watanzania. Sheria hiyo hiyo inampa mtoto uraia kwa mama yake sawasawa na kwa baba yake. Kwa hiyo katika nyumba ya dada, mama ni raia, watoto ni raia, na baba yao anaishi kwa tarehe iliyogongwa kwenye pasipoti.

Aishije basi, miaka yote hiyo kabla hajaweza kuomba uraia? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Sheria ya Uhamiaji, nayo ya mwaka 1995, ina vibali vya ukaazi vya daraja A, B na C. A ni cha mwenye mtaji na biashara yake, B ni cha mwajiriwa, na C ni cha wengine, kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Vyote vina tarehe ya kwisha. Mume mgeni atapata kibali cha B akipata mwajiri wa kumwombea, na siku mwajiri akifunga ofisi, msingi wa kibali nao umekwenda. Atapata cha A akiwa na fedha za kutosha kufungua biashara. La sivyo ataomba apokewe kwa hiari ya maofisa, na hiari si haki. Wenye kushika pasi ya mtegemezi nao wajue kwamba pasi hiyo haimruhusu mtu kufanya kazi. Sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni inataka kibali cha kazi kando ya kibali cha ukaazi, na wanaovitoa ni mamlaka mbili tofauti.

Halafu kuna kiwanja. Hapa Kiseke maisha ya ndoa na maisha ya ujenzi hayatengani. Watu wananunua kiwanja, wanapandisha msingi mwaka huu, wanapaua baada ya miaka mitatu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Hivyo mume wa dada atanunua matofali, atamlipa fundi, atalala kwenye chumba kisicho na plasta akilinda saruji, na hati itaandikwa jina la mke pekee. Mke akitangulia mbele ya haki, mwanamume yule anaweza kujikuta hana mwenyeji wake, na nyumba aliyoijenga iko kwenye ardhi asiyoweza kumilikishwa kwa jina lake. Wifi yetu Mkenya, yule mke wa kaka, angekuwa amekwisha kuwa raia na hati ingeandikwa majina mawili.

Mtu anaweza kuniambia haya ni mambo ya wachache. Katika nchi nzima huenda, ila siyo katika kanda hii. Ziwa letu liligawanywa kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890. Mstari ulichorwa mezani Ulaya, na watu waliokuwa wakioana kabla ya mstari waliendelea kuoana baada yake. Waluo wa Rorya wana wajomba Migori. Wakurya wa Tarime wana nusu ya ukoo wao Kenya. Kwenye visiwa vyetu na kambi za wavuvi, Mganda, Mkenya na Mtanzania wanavuta nyavu pamoja, na wanapoishi pamoja watu huoana. Upande wa magharibi, Kagera na Geita, ni ndoa na Wanyarwanda na Warundi za vizazi kadhaa.

Mnakumbuka mwaka 2013. Mwezi Julai Rais Kikwete alitoa agizo kwamba wageni wanaoishi nchini kinyume cha sheria katika mikoa ya magharibi waondoke kwa hiari, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na hoja nzito: ujambazi wa kutumia silaha na mifugo iliyokuwa ikiingizwa katika misitu na mashamba ya watu. Sibishani na hoja hiyo. Ninachokisema ni kwamba operesheni haikuweza kumtenganisha jambazi na baba wa familia asiye na karatasi. Nyumba zikapasuka, mmoja akavushwa mpaka na mwenzake akabaki na watoto. Wapo wanawake waliokuwa wake za Watanzania, wenye haki ya kifungu cha 11 waliyokuwa nayo miaka yote, ambao hawakuwahi kuiomba kwa kuwa hakuna aliyewaambia ipo. Waume wageni hawakuwa hata na haki hiyo ya kusahau.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haijalimaliza jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nayo inamruhusu mfanyakazi wa nchi mwanachama kwenda na mwenzi wake na watoto. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini msingi wake ni kazi. Kuhusu ukaazi wa kudumu, itifaki yenyewe, katika ibara ya 14, inayaacha mambo hayo kwa sheria na sera za kila nchi. Kwa hiyo tunarudi nyumbani.

Tuwatazame majirani. Katiba ya zamani ya Kenya ilikuwa kama sheria yetu, mke mgeni anafunguliwa, mume mgeni anabaki nje. Katiba waliyoipitisha mwaka 2010 ikaondoa ubaguzi huo. Ibara ya 15 inasema mtu aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kusajiliwa kuwa raia. Mwanamume au mwanamke, ni mamoja. Sheria yao ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ikaongeza ukaazi wa kudumu kwa mwenzi wa raia ambaye ndoa yake imefikisha miaka 3. Basi hesabuni wenyewe. Kijana wa Mwanza aliyemwoa binti wa Migori, baada ya miaka 3 anaweza kuomba Nairobi hadhi ya kudumu kwa sababu ya ndoa yake. Kijana wa Migori aliyemwoa binti wa Mwanza, hata baada ya miaka 30, ndoa yake haimpi haki ya kudai hadhi hiyo kwetu. Binti wa Kenya amebebwa na katiba yake, na binti wetu ameachwa abebe mumewe mwenyewe.

Kwa nini tumeacha hivi? Nimewauliza watu wengi, wazee na vijana, na jibu huja lile lile kwa maneno tofauti: mwanamume ndiye anayeoa, mwanamke anamfuata mumewe, na mgeni akiruhusiwa kupitia kwa binti zetu, ataingia kuchukua ardhi. Jibu hili lilikwisha kusikilizwa na mahakama, na iliyolisikiliza ni Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza.

Mwaka 1988 mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Alimuuzia mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila iliyoandikwa katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mama akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda yeye. Mpwa akaja Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaitupa rufaa ya mpwa. Akasema kwamba Katiba imekataza ubaguzi, kwamba Tanzania imeridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na kwamba sheria yoyote ya zamani inayopingana na Hati ya Haki isomwe kwa kurekebishwa. Tangu hapo mwanamke na mwanamume wakawa na uwezo ule ule juu ya ardhi ya ukoo wanayorithi.

Nauliza, hofu ya ule ukoo ilikuwa nini? Kwamba mgeni ataingia kwa mkono wa mwanamke. Wanaume wa ukoo walikuwa wakiuza ardhi pia, na kwao yalikuwepo masharti, lakini mwanamke peke yake ndiye aliyehesabiwa kuwa ufa wa ukuta. Sheria yetu ya uraia inabeba hofu hiyo hiyo, ila ukoo umekuzwa ukawa taifa. Na kama hofu ile haikukubalika kwa ekari chache za Muleba, mimi sioni jinsi inavyokubalika kwa maisha mazima ya binti wa Kiseke, wakati Katiba yetu leo inataja jinsia waziwazi katika ibara ya 13 miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo.

Wanawake wa nchi nyingine za Afrika wamekwisha kulipigania jambo hili. Mauritius ilitunga mwaka 1977 sheria iliyowataka waume wageni wa wanawake raia waombe vibali, huku wake wageni wakiachwa wakae bila kuulizwa. Wanawake 20 wakapeleka malalamiko kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 kamati ikaamua kwamba huo ni ubaguzi. Mauritius ikarekebisha sheria yake mwaka 1983. Nchini Botswana, mwanasheria Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki serikali yake kwa sababu watoto wake waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuwa raia kwa kuwa baba yao ni mgeni. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1991 na Mahakama ya Rufani mwaka 1992. Kwetu kifungu cha watoto kilikwisha kuwekwa sawa tangu 1995. Kilichobaki ni baba yao.

Kuna tahadhari moja kutoka Uingereza ambayo sitaki muikose. Nargis Abdulaziz, mzaliwa wa Malawi, na wenzake wawili walikuwa na haki ya kudumu ya kuishi Uingereza, lakini kanuni za 1980 ziliwazuia kuleta waume zao ilhali mwanamume mwenye hadhi kama yao aliweza kuleta mke. Wakaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Mei 1985 wakashinda kwa hoja ya ubaguzi wa jinsia. Serikali ya Uingereza ikatii kwa namna yake. Badala ya kuwalegezea wanawake, iliwakazia wanaume, wote wakawa sawa katika ugumu. Mkienda kwa mbunge wenu, msiombe usawa tu. Semeni usawa wa namna gani, maana Bunge linaweza pia kuleta usawa kwa kumnyang'anya mke wa kaka haki aliyonayo.

Sasa ninyi mnaotaka kwenda huko nje. Nitapita haraka, kwani masharti ya fedha hubadilika na msiyachukue kwangu bali kwenye ubalozi wenyewe. Uingereza inamtaka mwenyeji awe na kipato. Tangu Aprili 2024 mwombaji mpya anatakiwa kuonyesha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 za awali. Ruhusa ya kukaa hutolewa kwa vipindi, na ombi la kudumu huja baada ya miaka 5. Ujerumani inamtaka mwenzi, kwa kawaida, awe na Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya kuondoka, na ndiyo maana vijana wetu hujaza madarasa ya Goethe-Institut Dar es Salaam. Mwenzi wa raia wa Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3. Marekani humpa mwenzi wa raia kadi ya ukaazi, lakini ndoa ikiwa haijafika miaka 2 siku ya kupewa, kadi hiyo huwa ya masharti na ya miaka 2, kisha wote wawili huomba masharti yaondolewe kwa kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli.

Ni masharti mazito, na hilo la Uingereza nalihesabu kuwa katili, kwa sababu linampima mtu anayestahili kupenda kwa mshahara wake. Lakini hakuna hata moja kati ya nchi hizo leo inayouliza kama mwenyeji ni mume au ni mke.

Kwa wote, wa hapa na wa kwenda nje, karatasi ya kwanza ni ile ile, cheti cha ndoa. Wengi wetu tumeoana kimila na kunyamaza. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inawadhania wanaoishi pamoja miaka 2 na kuheshimika kama mke na mume kuwa wana ndoa, na dhana hiyo inasaidia mahakamani mkigombana. Mezani kwa afisa wa ubalozi haisaidii. Sajilini ndoa zenu. Anayefunga kwa mkuu wa wilaya akumbuke kutoa taarifa siku 21 kabla. Anayekwenda kufunga nje atatakiwa kuonyesha kwamba hana ndoa nyingine, na uthibitisho huo unatafutwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, si kwa mwenyekiti wa mtaa. Majina katika cheti cha kuzaliwa, pasipoti na kitambulisho cha taifa cha NIDA yafanane herufi kwa herufi. Nimeona safari zikikwama kwa sababu ya jina la babu lililoandikwa kwa L hapa na kwa R pale.

Na kaka zangu mliooa nje, nawasihi kwa dhati. Maneno ya kifungu cha 11 ni "wakati wa uhai wa mume". Mkifa kabla mke hajaomba, haki hiyo mmezikwa nayo. Ongeeni naye mapema, kwa sababu uamuzi si mwepesi kwake: Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na kuwa Mtanzania kutamtaka aukane uraia wa wazazi wake. Hilo ni lake kuamua, lakini aamue akijua.

Ninachopendekeza kwa Bunge ni marekebisho mafupi. Kifungu cha 11 kimtaje mwenzi wa raia, awe mume au mke, na kati ya siku ya ndoa na siku ya uraia kuwepo ukaazi wa mwenzi, unaotokana na ndoa yenyewe na unaoruhusu kufanya kazi. Mtaniuliza kuhusu ndoa za karatasi, wageni watakaonunua bibi harusi ili wafike migodini na kwenye viwanja. Wapo, na wanawake wageni wanaofanya hivyo wapo pia, lakini hatujawahi kuona hiyo ni sababu ya kuwanyima wake wote haki yao. Kuna dawa inayotumika hapa jirani: muda. Iwekwe miaka 3 ya ndoa iliyo hai kabla ya hadhi ya kudumu, kama Kenya, na maofisa wapewe uwezo wa kufika nyumbani na kuuliza majirani. Mtaa unajua nani anaishi na nani. Mama wa dukani anajua ni nani anayekuja kuchukua maziwa ya mtoto asubuhi, na mjumbe anajua nani alishinda msibani. Ushahidi wa namna hiyo hauwezi kununuliwa kwa wiki moja. Na anayekamatwa amedanganya avuliwe alichopata na ashtakiwe, yeye na aliyemsaidia, bila kumgusa mwanamume wa nyumba ya pili anayelea watoto wake.